Kelele Kwenye Bodi ya Mzee Anangisye

Tulimzika Mwalimu Ambokile kwao Kyimo, nyuma ya nyumba yake, katikati ya migomba. Mvua ilinyesha tangu asubuhi, mpaka vijana waliochimba kaburi wakalazimika kukumba maji kwa ndoo kabla jeneza halijashushwa. Baada ya maziko watu walielekea kwenye maturubai kula, nami nikasimama pembeni nisijue niketi na nani, maana miaka ishirini ni mingi, na wengi niliowafahamu upande ule hawanifahamu tena. Mwanamke mmoja aliyekuwa akigawa chakula akaniwekea sahani mkononi, akanitazama, asiondoke. Akasema, "Wewe ni Subi. Yule wa mashine ya baba." Alikuwa Tumpe. Amenenepa, mvi zimemwanza juu ya masikio, lakini sauti ni ileile ya chini inayokufanya umsogelee ili umsikie. Aliniuliza kama bado natengeneza vitu vya umeme, nikamjibu kwamba siku hizi nafundisha wanaotengeneza. Akaitikia kwa kichwa, akasema ni vizuri, akaendelea na kazi yake. Nilirudi Mbeya jioni ile nikiwa na mwaka mzima wa karakana yake kichwani, na haukunitoka wiki ile wala iliyofuata. Nimeona niuandike.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nina cheti cha ufundi na kiburi cha kutosha watu wawili. Mwalimu Ambokile alikuwa amestaafu kufundisha umeme chuoni, akafungua karakana ya vyumba viwili nyuma ya soko la Tukuyu. Chumba cha mbele tulipokea redio, pasi na chaja za watu. Cha nyuma ndicho nilichokipenda. Humo tulikuwa na meza ndefu ya mbao, taa mbili, oskiloskopu ya zamani yenye kioo cha kijani kinachokuonyesha umeme unavyopanda na kushuka, na beseni la plastiki lenye dawa ya kahawia inayokula shaba. Bodi za saketi tulizitengeneza wenyewe. Unachora njia za umeme juu ya kipande chenye shaba, unakitumbukiza kwenye beseni, dawa inakula shaba yote isipokuwa pale ulipochora. Bati halikuwa na dari, na mvua ya Tukuyu unaijua au umesimuliwa. Ikianza tulizungumza kwa ishara. Saa saba mama wa jirani alituletea ndizi na maharage, tukala na parachichi lililonyunyiziwa chumvi, na Mwalimu hakuruhusu mtu azungumzie ubovu wa kifaa chochote mpaka sahani ziwe tupu. Alisema chakula kikichanganywa na ubovu hakikai tumboni. Nilidhani ni mzaha wa mzee. Siku hizi nami nawakataza wanafunzi wangu.

Kazi ya Mzee Anangisye ilikuja mwezi wa kwanza. Alikuwa fundi mitambo wa kiwanda cha chai kwa zaidi ya miaka thelathini, upande wa kukaushia, na vumbi la majani lilimwachia mapafu yasiyomtosha tena. Daktari mmoja mgeni, alipokuwa akirudi kwao, alimwachia mashine inayochuja hewa ya kawaida na kumpa mgonjwa oksijeni kwa mpira puani. Mashine ilikuwa nzuri, ila inataka umeme muda wote, na umeme wa Kawetele, alikoishi, ulikatika kila mvua ilipokaza. Tumpe, mwanawe aliyekuwa akimuuguza, alikuja karakana kuuliza kama tunaweza kumtengenezea kitu cha kuchukua umeme wa betri na kuugeuza uwe kama wa ukutani, kianze chenyewe umeme ukikatika. Mwalimu akasema tunaweza. Halafu, mbele ya Tumpe, akanigeukia na kusema bodi nitaichora mimi.

Niliichora kwa siku nne. Bodi zangu zilikuwa nzuri kutazama, na nilijua hivyo. Njia zote nilizinyoosha zikaenda sambamba kama mistari ya chai shambani, hakuna iliyopinda bila sababu, hakuna waya wa kurukia juu ya njia nyingine. Mwalimu aliiinua kwenye mwanga, akaigeuza, akasema hata chuoni hakuwahi kuona kazi safi namna ile. Tuliijaribu mezani kwa balbu kubwa nne siku mbili mfululizo, haikutetereka. Naandika haya kwa makusudi, kwa sababu kila mara ninapomwona kijana akiipenda bodi yake kwa macho, humuuliza itakwenda kufanya kazi wapi.

Nyumba ya Mzee Anangisye ilikuwa ya tofali za kuchoma, sebule ndogo yenye makochi manne yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma, na kitanda chake kililetwa hapohapo sebuleni ili awaone watu. Mashine iliwekwa kichwani mwa kitanda. Ilikuwa na sauti mbili, muungurumo wa mota, na kila baada ya sekunde chache mpumuo mzito pale valvu ilipogeuza hewa kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Mzee alinisalimia Kinyakyusa, nikamjibu kwa shikamoo, akacheka na kuhamia Kiswahili chake ambacho Kinyakyusa hakikuwahi kukiacha; mashine aliiita masini, na kuzima akasema kusima. Aliuliza aliyechora ni nani. Mwalimu akanionyesha. Mzee akanitazama, akasema ndaga fijo, binti, asante sana. Tumpe akatuletea maziwa ya mgando na viazi vitamu. Tulifunga kifaa, tukakata umeme wa ukutani kwa makusudi, mashine ikaendelea bila kukwama. Tukaondoka.

Siku ya tatu Tumpe akapiga simu. Umeme ulikatika, kifaa kikaanza vizuri, kisha baada ya dakika kama ishirini kikajizima chenyewe. Alikuwa na mtungi mmoja mdogo wa oksijeni wa akiba, akamfungulia baba yake. Alipokizima kifaa na kukiwasha upya, kikafanya kazi. Tulikichukua, tukakirudisha mezani, tukakiwekea balbu zetu, kikakaa kutwa nzima kama malaika. Tukabadilisha transista zinazokata na kuunga umeme, tukakirudisha Kawetele. Kikajizima. Tukabadilisha kapasita zote kubwa zinazohifadhi umeme. Kikajizima. Mwalimu akaagiza Dar chipu mpya, kile kidude kidogo kinachosimamia kila kitu. Ilipofika kwa basi niliilehemu mwenyewe, na kifaa kikakaa siku tano nzima bila tatizo, kikajizima mara mbili siku ya sita.

Lazima nieleze kidogo, kwa anayesoma bila kuwa fundi. Chipu ile hufanya kazi kama mpishi. Kila mara inaonja umeme unaopita, ukizidi inapunguza, ukipungua inaongeza, na ikionja kitu kinachofanana na hatari inazima kila kitu ili kifaa kisiungue. Kuonja huko kunapita kwenye njia yake nyembamba ya shaba. Chipu yetu ilikuwa ikionja hatari isiyokuwepo. Mpaka hapo tulifika. Kwamba kulikuwa na kelele za umeme zinazoingia mahali fulani, hilo pia tulilijua, ila hatukujua zinaingilia wapi. Tulipoweka oskiloskopu tuliona kelele kila mahali, hata kwenye sehemu ambazo hazingeweza kuwa nazo, na ilinichukua mwezi kutambua kwamba waya mrefu wa kupimia ulikuwa wenyewe unazidaka hewani kama antena. Mwezi mzima tulikuwa tukipima waya wetu.

Nilianza kwenda Kawetele peke yangu, mara mbili tatu kwa wiki, kukaa na kifaa na kusubiri kijizime nikiwepo. Sijui kama msomaji amewahi kusubiri jambo analoliogopa litokee, kwa kuwa lisipotokea hatajifunza chochote. Nilikuwa nikikata umeme wa ukutani, tunakaa. Mzee kitandani, mimi kwenye kigoda na vipimo vyangu, Tumpe akiingia na kutoka. Niliomba kizime, na papo hapo niliomba kisizime. Adhuhuri moja kikazima. Sikuwa na la kujifunza. Kilikuwa kinaendelea, na mara hakikuwa kinaendelea, mshale wa kipimo changu umelala. Nilipoinua macho, Mzee alikuwa amejiinua, mikono imeshika magoti, mabega yanapanda na kushuka. Midomo ilianza kubadilika rangi. Tumpe alikuwa kisimani. Nilikimbilia mtungi, nikaishika koki yake nikaigeuza upande usio wake, nikaikaza zaidi. Mzee akanyoosha mkono mmoja, akauweka juu ya wangu, akaugeuza taratibu kwenda upande wa pili, hewa ikaanza kutoka. Alipoweza kusema, alisema, "Pole, binti." Yeye ndiye aliyenipa pole mimi.

Tumpe aliporudi sikumweleza yote. Nilijifanya nakusanya vifaa, na nikiwa nimeinama nikamsikia jikoni akiongea na jirani yake. Jirani aliuliza ile mashine vipi. Tumpe akajibu kwa sauti yake ya chini, isiyo na hasira hata kidogo, "Wametuletea mtoto ajifunzie kwa baba." Nilitembea kwa miguu mpaka Tukuyu siku ile, kwenye ukungu, vipimo begani. Nimesamehe maneno mengi maishani, ila hilo sikuwa na la kusamehe, kwa kuwa lilikuwa kweli. Hata Kyimo, aliponipa ile sahani, ndilo lililonijia kwanza.

Nilimwomba Mwalimu tukichukue kifaa tusikirudishe tena. Akakataa. Alisema bila kifaa, umeme ukikatika mzee ana mtungi tu, na kifaa kibovu humpa angalau dakika ishirini kabla ya mtungi. Hesabu ile ilikuwa sahihi, na ilinichoma zaidi kwa sababu ya usahihi wake. Akaongeza kapasita ndogo kwenye mguu wa chipu, kelele zikapungua, kujizima kukatoka mara tatu kwa siku hadi mara moja. Akafurahi. Nilipomwambia kwamba tumeziba tu mdomo wa kitu bila kujua kinasema nini, aliniuliza kama nina wazo bora. Nilimwona akivua miwani na kufikicha macho, nikaelewa kwamba mtu niliyedhani anajua na ananificha ili nijifunze, naye hajui. Tulikaa mezani wawili, mvua inapiga bati, hakuna aliyeweza kumsaidia mwenzake.

Mzee Anangisye ndiye aliyekuwa akisema tangu mwanzo, sisi tukamsikiliza kama watu wanavyomsikiliza mgonjwa. Alikuwa amelala kichwa chake hatua mbili kutoka kwenye kifaa, mchana na usiku, na masikio yake yalikuwa ya mtu aliyeishi na mitambo. Mara ya kwanza aliponiambia kifaa kinakohoa kabla ya kuzima, nilitabasamu tu. Mwezi wa saba, siku moja nimeketi pale sina hata nguvu ya kufungua kipimo, akaniambia nizime redio nisikilize. "Masini ikipumua puh, hiki chako kinakohoa nayo," alisema. "Siku ikipumua kwa nguvu, kinasima." Nikasogeza sikio. Kweli, chini ya muungurumo kulikuwa na mlio mwembamba wa koili, waya uliosokotwa ndani ya kifaa, na kila valvu ilipogeuza, ule mlio ulikwaruza kidogo. Balbu zetu hazina valvu. Ndiyo maana mezani hakikuzima hata mara moja.

Kisha akanisimulia jambo la kiwandani. Alisimulia polepole, anapumzika kila baada ya sentensi, nami nalieleza kwa maneno yangu. Kulikuwa na kikaushio kilichokuwa kikijizima kwa sababu kipimajoto chake kilisema moto umezidi, wakati majani yanatoka yakiwa bado mabichi. Wakabadilisha kipimajoto. Wakabadilisha tena. Cha tatu kililetwa kutoka nje ya nchi, nacho kikasema moto umezidi. Meneja akaanza kuwashuku mafundi. Mwishowe Mzee akakaa mbele ya kikaushio kutwa nzima bila kugusa kitu, akaona kwamba kipimajoto kimefungwa karibu na mlango wa tanuri, na kila mchochea moto anapofungua mlango, joto la tanuri linakipiga usoni. "Hakikudanganya," alisema. "Kilisema joto la pale kilipokaa." Wakakisogeza urefu wa mkono mmoja. Hakikusumbua tena mpaka anastaafu.

Nilirudi karakana, nikaitoa bodi yangu nzuri, nikaitazama kama mtu anayetazama barua aliyoiandika mwenyewe akiwa na hasira. Njia ya kuonjea, ile nyembamba, nilikuwa nimeipitisha sambamba na njia nene inayobeba umeme wote wa betri, bega kwa bega, urefu mzima wa bodi, kisha chini ya koili, kwa sababu hapo ndipo ilipopendeza. Na njia ya kurudia, inayourudisha umeme kwenye betri, nilikuwa nimeiunganisha na ile ya transista, zikagawana kipande kimoja cha shaba. Kila valvu ilipogeuza, umeme mkubwa ulishtuka, na mshtuko wake ukamwagika kwenye njia ya kuonjea. Hakuna kidude hata kimoja kilichokuwa kibovu, tangu mwezi wa kwanza. Tulibadilisha vizima kwa vizima kwa nusu mwaka, na ubovu ulikuwa kwenye mkono wangu uliochora. Nilimwonyesha Mwalimu. Alitazama muda mrefu, akasema kwa sauti ndogo, "Na mimi niliisifu."

Bodi ya pili ilikuwa mbaya kwa sura. Chipu niliihamishia kwenye kona, mbali na koili. Njia ya kuonjea niliifanya fupi, ya kwenda na ya kurudi zimeshikana, zikitoka moja kwa moja pale panapopimwa, na njia za kurudia zikakutana mahali pamoja tu. Mistari ilipinda hovyo kama mizizi. Tuliifunga Kawetele mwezi wa nane mwishoni. Nikazima umeme wa ukutani, nikakaa kwenye kigoda saa sita nzima. Mzee alisikiliza macho yamefumba. Jioni akafumbua akasema haikohoi. Tumpe aliniletea chakula, ndizi na nyama, na akaketi kwenye kochi la mbele yangu nilipokuwa nikila, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Kifaa hakikuzima tena. Mvua za mwezi wa kumi na moja zilikata umeme siku mbili mfululizo, nacho kikabeba mpaka jenereta ya jirani ikaja kuchaji betri. Ningependa kuandika kwamba Mzee alipata nafuu, na kwa muda nilijidanganya hivyo. Lakini mapafu hayakuwa yanasubiri bodi yetu. Tangu mwezi wa kumi hakuweza tena kusimulia. Alikuwa anainua kidole kimoja nilipoingia. Nilikwenda hata siku zisizo na sababu ya kwenda, nakagua betri zilizokwisha kukaguliwa, nafuta vumbi lisilokuwepo. Hakukuwa na cha kutafuta tena. Kabla ya hapo nilikuwa na ubovu wa kukimbizana nao, na sasa kila kitu ambacho mikono yangu ilijua kukitengeneza kilikuwa kimetengenezwa, na mtu alikuwa anakwenda mbele ya macho yangu.

Tumpe alinipigia asubuhi moja ya Desemba, akasema tu, "Njoo." Nilifika na Mwalimu. Wanawake wa jirani walikuwa wameshajaa sebuleni, wamekaa chini, mmoja akiongoza wimbo wa kanisani kwa sauti ya kilio. Mzee alikuwa amefunikwa shuka mpaka kifuani. Mpira walikuwa wamemtoa puani, upo juu ya mto, unaendelea kutoa hewa. Umeme wa ukutani haukuwepo. Kifaa chetu ndicho kilichokuwa kikifanya kazi, taa yake ya kijani imetulia, na mashine inapumua kwa mpangilio uleule, puh, halafu puh, pembeni ya mtu asiyepumua. Hakuna aliyethubutu kuigusa. Wengine walikuwa wakiitazama kana kwamba ina jambo itakalosema. Tumpe akainuka, akapita kati ya wanawake, akanishika kiwiko. "Zima wewe," alisema.

Nilipiga magoti. Swichi nilikuwa nimeifunga mwenyewe, naijua gizani, lakini vidole havikuipata mara ya kwanza wala ya pili. Mwalimu alikuwa nyuma yangu, hakusogea kunisaidia, na nadhani hakuweza. Nilipoibonyeza mota ilishuka polepole, ikatoa mpumuo mmoja wa mwisho uliokuwa umebaki ndani, ikanyamaza. Wimbo nao ukakatika. Nilibaki nimepiga magoti, mkono juu ya kifaa ambacho bado kilikuwa na joto.

Baada ya matanga Tumpe alikileta karakana mwenyewe, kimefungwa kwenye kanga iliyofuliwa. Alisema labda kuna mwingine atakayekihitaji. Mwalimu alikipokea kwa mikono miwili, akakiunganisha na balbu zetu nne, zikawaka zote. Akakata kipande cha utepe mweupe, kama tulivyofanya kwa kila kifaa kinachosubiri mwenyewe, akaandika kwa kalamu nene: KIZIMA. Akakiweka kwenye rafu ya juu. Mwingine hakutokea. Nilifanya kazi chini ya rafu ile miezi mitatu zaidi, halafu nikaondoka Tukuyu.